Je, kundi dogo litamsaidia mwanangu au litampa jina baya?

SWALI: Mwanangu yuko darasa la tatu. Husimulia hadithi vizuri, na kwa hesabu za kichwa huwashinda kaka zake, lakini akipewa kitabu huvuta silabi moja moja, na afikapo mwisho wa sentensi huwa amekwisha kusahau mwanzo wake. Shule imependekeza atolewe darasani nusu saa kila siku, afundishwe pamoja na wenzake wanne. Baba yake anakataa, akihofu kuwa mtoto ataitwa mjinga. Tufanyeje?
Mama mzazi, Morogoro

JIBU: Mama, hofu ya baba si ya kupuuzwa, kwani watoto huchekana bila huruma. Hata hivyo, mtoto anayekwama kila anaposimamishwa kusoma mbele ya darasa zima huenda amekwisha kupewa jina hilo.

Hali unayoieleza inafanana na disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika maneno, ingawa kuithibitisha ni kazi ya mtaalamu, tena baada ya macho na masikio kupimwa. Haihusiani na uvivu wala upungufu wa akili. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14 aliyeshindwa kusoma, ambaye mwalimu wake alisema angekuwa hodari kuliko wote shuleni iwapo masomo yangetolewa kwa mdomo tu.

Kwa Kiswahili tatizo hili hujificha. Kwa kuwa herufi zetu karibu daima hutamkwa vilevile, mtoto wa namna hii hatimaye hulipata neno, ila kwa kuchelewa mno, hasa penye “mbw”, “nd” au “ng’”. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba anajivuta kwa makusudi. Kiingereza, ambacho tahajia yake haitabiriki, humwelemea zaidi.

Faida ya kundi dogo haitokani na uchache wa watoto peke yake. Ikiwa watano hao watapewa kitabu kilekile na kusomeshwa vilevile, mtakuwa mmebadilisha chumba tu. Wanapaswa kuwa wamekwama mahali pamoja, waanze na sauti kabla ya herufi, wahesabu silabi za neno kwa vizibo vya soda, waandike kwa kidole mchangani huku wakitamka, na wasivuke hatua kabla ya kuimudu. Mwalimu naye aweke daftari la kila mtoto, linaloonyesha silabi alizozishika na zinazomshinda. Ombeni kuliona kila baada ya wiki chache. Asiyekuwa nalo hawezi kujua lini mtoto yuko tayari kurudi kusoma na wenzake, na kundi lisilo na njia ya kutokea ndilo hasa analoliogopa baba.

Ulizeni pia kipindi hicho kitakuwa saa ngapi. Kikiwekwa wakati wa michezo, mtoto atakiona kuwa adhabu, kwa hiyo ombeni kihamishwe. Kisha baba aombe nafasi ya kukaa humo siku moja, nusu saa nzima, kabla ya kutoa uamuzi wake.