Wapya wa tafsiri, hiyo "skin" ni ngozi ya nini?

Jumatatu nimepokea prufu tatu za wapya watatu, kila moja ikitafsiri neno la Kiingereza "skin". Wa kwanza kaandika "ngozi ya ndizi", wa pili "ngozi ya maziwa", na wa tatu, Mungu amsamehe, "biashara ya ngozi na ngozi". Wanangu, mtaniua. Nimeweka kalamu nyekundu pembeni, nawaandikia.

1. Kabla ya kuandika "ngozi", uliza ni ya nini. Ndizi ina ganda, mti una gome, maziwa yakichemka yakapoa hufanya utando. Najua kamusi inaanza na "ngozi", nanyi mnaishia hapo hapo kwa kuwa dedilaini ni saa kumi.

2. Kitenzi ndicho kinachowaumbua zaidi. Mbuzi huchunwa, kiazi humenywa. Juzi matini ya mapishi ilituagiza "chuna nyanya". Nikamwita mwenyewe, nikamwuliza hiyo nyanya kaichinja nani.

3. "Broken skin". Hapa siwacheki, maana hapa ndipo nilipoumbuka mimi.

Mwaka 2011 nilipewa kipeperushi cha dawa ya upele, ile BBE (emulsheni ya benzyl benzoate) ya asilimia 25, ya kupaka mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayo. Mstari mmoja ulikataza kuipaka kwenye "broken skin". Nikaandika "ngozi iliyovunjika", nikaendelea. Tafsiri sisisi, yaani neno kwa neno, ya aina ile ile ninayowakatia maksi leo. Mhakiki? Mimi mwenyewe. Zikachapwa nakala 2,000.

Baada ya miezi miwili nikapelekwa kijijini kusikiliza wasomaji, kazi ambayo hufanywa kabla ya kuchapa, ila bajeti ilikuwa na mpangilio wake. Tumekaa chini ya mwembe, bibi mmoja akavua kandambili akaniinulia kisigino. Magaga ya kuingiza punje ya mahindi. Alisomewa karatasi na mjukuu wake, akapaka kila mahali kama ilivyoagizwa, nyayo pia. Dawa ile ikiingia penye mpasuko inawaka. Bibi kakesha miguu ikiwa ndani ya beseni la maji.

"Sasa mwanangu," akaniambia kwa upole kabisa, "mimi nimevunjika wapi? Si mfupa ndio unaovunjika?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao kidogo. Kisha nikakosa pa kuangalia, nikajikuta namwamkia shikamoo mara ya pili. Kinachoniuma ni kwamba neno nilikuwa nalo. Kovu la mchubuko ninalo kiwikoni tangu nilipoanguka na baiskeli darasa la nne, na hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kusema nimevunjika ngozi. Nakala zilizobaki stoo nilizirekebisha kwa mkono wikendi mbili: "Usipake penye kidonda, mchubuko au magaga." Magaga hayamo kwenye matini chanzi, ile ya Kiingereza. Nimeyatia kwa ajili ya bibi, na mteja hakuuliza.

4. Mwenzetu wa "ngozi na ngozi": wafanyabiashara Waingereza huita "hides" za ng'ombe na "skins" za mbuzi na kondoo. Sisi zote ni ngozi, kwa hiyo mtaje mnyama. Mstari mmoja tu, umekwisha.

5. Misemo. "Ngozi ya meno" iachieni Ayubu 19:20. Huku kwetu mtu huponea chupuchupu. Na yule asiyetikiswa na maneno msimpe "ngozi nene" kama kiboko. Ni sugu. Angalieni lilivyo tamu: sugu ni hiyo hiyo ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa, ile ya kiganja cha mkulima. Mnafukuzia picha ya Kiingereza na yetu imekaa mlangoni.

6. Vijana wa michezo ya simu wananunua "skini", yaani mwonekano mpya, za wahusika wao. Waachieni skini yao. Aliyewaandikia "magamba ya mchezaji" ajitokeze mwenyewe kabla ya saa nne, na aje na chapati.