Mdogo wangu anatibiwa au anaadhibiwa?

SWALI: Shikamoo Mama Muuguzi. Mdogo wangu alimuua jirani yetu kwa panga, akisema sauti zimemtuma. Mahakama iliona hakuwa na akili timamu, sasa yuko wodi ya wagonjwa wenye kesi. Nilimkuta amekakamaa, mate yanamtoka, analia kwamba wanamchoma sindano kumkomoa. Huku kijijini wanasema amekwepa jela. Je, anatibiwa au anaadhibiwa?
Kaka mtu, Koboko, Uganda

JIBU: Marahaba mwanangu. Poleni, na pole zaidi kwa nyumba ya jirani.

Kama sindano yenyewe ni ile ya kila mwezi, flufenazini, hiyo ni dawa ya kuzinyamazisha sauti zile. Kukakamaa na mate ni madhara yake, na yanatibika: kwa vidonge vya benzeksoli, au daktari apunguze dozi. Mwambie daktari, mdogo wako akiwepo na akisikia. Mgonjwa akiachwa ateseke hivyo ataamini kweli anakomolewa, na siku akitoka ataikimbia sindano. Hatari inarudi hapo.

Ila sitakuficha. Katika wodi hizo nimeona mtu akiongezewa sindano kwa kumtukana muuguzi, mwingine akifungiwa peke yake mpaka aombe radhi. Hiyo ni adhabu, hata faili likiandika tiba, na humfundisha mgonjwa kuficha dalili zake. Ukiona hayo, mwandikie mkuu wa hospitali, ubaki na nakala.

Wanaosema amekwepa jela waambie hivi: aliyefungwa miaka kumi anajua mwaka wa kutoka, mdogo wako hajui. Sheria humwona hana hatia kwa sababu ya ugonjwa, lakini haimwachii. Utaratibu ulikuwa kungoja amri ya waziri wa sheria ya kumwachia mgonjwa, na watu wamezeeka ndani wakiwa wameshatulia. Linaniuma sana hili. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Fort Portal ilisema amri hiyo ni ya mahakama, si ya waziri. Kwa hiyo daktari akiandika kwamba ametulia, msikae kungoja kuitwa. Tafuteni wakili, faili lirudi kwa jaji.

Jaji atataka kujua anarudi kwa nani. Chagueni mtu mmoja wa kumpeleka sindano, kitengo cha akili cha hospitali ya rufaa ya Arua kipo. Pombe ya waragi asiiguse. Na kwa familia ya marehemu nendeni sasa, pamoja na wazee na mwenyekiti wa kijiji (LC1), kabla hajarudi.