Jibu: Je, ubongo wa mtu mzima huota seli mpya?
Dada, umeuliza kama mzee wako wa miaka 62 bado anaweza kupata seli mpya za ubongo, au jirani yenu pale Umoja alisema kweli kwamba zikifa zimekufa. Kwa sehemu kubwa jirani yuko sawa. Takriban seli bilioni 86 za neva, karibu zote, huundwa kabla hatujazaliwa au muda mfupi baada ya hapo. Ubongo wa mtoto huendelea kukua pia kwa sababu seli hizo hutoa matawi na kuungana.

Ubishi uko kwenye hipokampasi, sehemu inayoshughulika na kumbukumbu. Mwaka 1998 watafiti walikuta humo seli mpya kwa watu wazima. 2018 wengine wakatafuta wakazikosa, na mwaka huohuo wengine tena wakaziona! Bado wanavutana.

Mimi nisingehangaika na hesabu ya seli. Miunganisho hubadilika hata uzeeni, mradi tu itumike. Mzee atembee kila asubuhi, alale vya kutosha, ajifunze kitu kinachomsumbua kidogo, hata kama ni kucheza bao. Hizo tembe za “kuongeza ubongo” za River Road, mwachieni muuzaji.