Muulize Mjomba: Bibi wa Kisutu na sanduku la KARANJA

Mwezi huu meseji zenu karibu zote ni za bahari, nadhani ni hili joto la Dar, mtu akikaa nyumbani anawaza maji tu. Nimechagua nne.

*Shikamoo Mjomba. Tumepanga Kisutu, mama mwenye nyumba ni bibi wa Kihindi, ana sanduku kubwa la bati limeandikwa KARANJA na chini yake BOMBAY – DAR ES SALAAM. Mdogo wangu anasema ni sanduku la karanga. Ukimuuliza bibi anacheka tu anasema "mimi nililala nje". Hiyo Karanja ni nini?*

Marahaba mwanangu. Mwambie mdogo wako karanga azisahau. Karanja ilikuwa meli ya abiria, yeye na pacha wake Kampala, zote za kampuni ya British India ambayo wazee wa hapa waliiita BI. Zilijengwa Glasgow, Kampala 1947, Karanja 1948, na kabla ya hapo kulikuwa na Karanja nyingine ambayo ilizamishwa 1942 kwenye vita huko Algeria. Sijawahi kuelewa nani alikaa akaona meli ya baharini iitwe Kampala, mji usiokuwa na bahari, ila ndo hivo. Kazi yao ilikuwa kutoka Bombay, ndo Mumbai ya leo, kupitia Seychelles, Mombasa, Zanzibar, hapa kwetu, Beira, mpaka Durban alafu kurudi.

Sasa hilo la kulala nje ndo penyewe. Meli hizi zilikuwa na fesiti klasi, sekondi klasi, huko mambo ya kitanda, shuka nyeupe na mezani unahudumiwa, alafu kulikuwa na watu wa deki, yani wa sitahani. Mtu wa deki hakukatiwa kitanda, alikatiwa nafasi. Anapanda na mkeka wake, godoro la kukunja, birika, watoto, na sanduku la bati kama hilo ambalo mchana ni kiti na usiku ni ukuta kati yenu na familia ya pembeni. Majiko yalikuwa mbalimbali, la Wahindu wasiokula nyama kivyao na la Waislamu kivyao, maana bila hivo kuna watu wangefika Dar na njaa yao. Mbu hakuna, upepo safi, lakini mvua ikija au bahari ikichafuka hapo ndo unajua kwa nini tiketi yako ilikuwa rahisi. Na hao ndo walikuwa wengi, hiyo biashara ya Bombay iliendeshwa na hela za watu wa deki, sio na wale wa shuka nyeupe ambao ndo walipigwa picha.

Na kabla hujauliza, ndiyo, kile tunachosema "kupiga deki" nyumbani kimetoka huko huko melini, kwa mabaharia waliokuwa wanaosha sitaha kwa maji na brashi. Kila Jumamosi unavyoinama sebuleni unafanya kazi ya baharia.

Muulize bibi kitu kingine, muulize alishukaje. Maana mlango wa bandari yetu ni mwembamba, na kwa miaka mingi meli kubwa ilikuwa inaingia inatia nanga katikati ya maji, alafu watu na mizigo wanaletwa pwani kwa vyombo vidogo na matishari. Gati za maji marefu za kufunga meli kubwa zilifunguliwa 1956. Kama alikuja kabla ya hapo basi alishuka ngazi ubavuni mwa meli akiwa na sari, mtoto mkononi, na kiboti kinacheza chini. Hiyo stori ichukueni mapema.

Ziliishaje? Ndege. East African Airways ilianza kurusha jeti za Comet mwaka 1960, na mtu akishaona safari ya siku na siku imekuwa ya masaa harudi tena kwenye mkeka. Za Ulaya nazo zilipigwa mara mbili, maana mfereji wa Suez ulifungwa kwa vita Juni 1967 ukaja kufunguliwa Juni 1975, miaka minane, kwa hiyo meli ya London ikawa inazunguka Cape, Afrika Kusini kule chini kabisa. Zile mbili za BI za njia ya London, SS Kenya ilikatwa chuma 1969, SS Uganda ikageuzwa meli ya wanafunzi, na 1982 ikawa hospitali kwenye vita vya Uingereza na Argentina kule visiwa vya Falklands. Kampala ilikatwa 1971. Karanja ikavumilia kwenye njia yake mpaka 1976. Katikati ya hapo, 1972, Waasia waliofukuzwa Uganda baadhi yao walishushwa na treni Mombasa wakapandishwa meli kwenda India, wengine kwenye nchi ambayo walikuwa hawajawahi kuiona.

*Mjomba mambo. Tumebishana kijiweni Tandika, jamaa anasema Titanic ilikuwa na maboti machache ya kuokolea watu sababu kampuni ni mabahili, mimi nasema sheria ndo ilikuwa mbovu. Tumewekeana supu.*

Kula supu, ila mgawie chapati. Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilikuwa inahesabu tani za meli, haihesabu vichwa. Meli ikishapita tani 10,000 inatakiwa maboti 16, basi, hata iwe kubwa vipi, na Titanic ilikuwa na tani kama 46,000. Kwa hiyo ilivyobeba maboti 20 ilikuwa imezidisha sheria! Nafasi humo ni watu 1,178, na ndani walikuwepo kama 2,200. Chapati ya jamaa yako ni hii hapa: vyuma vya kushushia maboti vilikuwa na uwezo wa kubeba mengi zaidi, kampuni haikuyaweka. Na yale ya mwanzo usiku ule wa Aprili 1912 yaliondoka nusu tupu, kuna moja la nafasi 40 liliondoka na watu 12. Walikufa zaidi ya 1,500, ndo mataifa yakakaa London, na Januari 1914 yakasaini mkataba wa usalama wa meli.

Sisi tatizo letu ni hesabu ileile upande wa pili. MV Nyerere iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018 iliandikwa ibebe abiria 101. Waliokufa peke yao ni zaidi ya 220. Yani watu wameona kabisa imejaa, bado mtu anaruka anaingia, anasema nitashuka hapo tu.

*Eti ni kweli kuna meli ilipandishwa treni hapa Dar?*

Kweli, ni ile Liemba ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliijenga kwao Papenburg 1913, wakaibomoa, ikaletwa Dar vipande vipande kwenye masanduku kama 5,000, treni mpaka Kigoma, ikaunganishwa huko na kutiwa ziwani 1915. Waliizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiopoa 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

*Mjomba mimi naogopa ndege kufa. Naweza kwenda Mumbai kwa meli?*

Meli ya ratiba haipo mwanangu. Za kitalii zinapita ila ni za kuzungusha watalii, bei yake ukisikia utapenda ndege ghafla. Kuna meli za mizigo zinazokubali abiria, na hazizidishi 12, sababu chini ya mkataba ule ule wa usalama ukifika wa 13 meli inahesabika ni ya abiria, inabidi ifuate masharti mengine kabisa ambayo mwenye mizigo hayataki. Kwa hiyo wewe ni mtu wa 13 kila mahali.

Anza na boti ya Zanzibar ujipime. Usikae mbele hata kama kuna tivii, mbele ndo panaporuka sana, kaa chini, katikati kuelekea nyuma, angalia nje mbali. Mfuko wa kutapikia ukipita chukua hata kama unajiona mwanaume, jirani yako anaweza kuuhitaji.