Faili hii au faili hili? Kiswahili cha programu ya kudhibiti faili

Swali: Mimi na wenzangu tunaandaa toleo la Kiswahili la programu ya kudhibiti faili kwenye kompyuta ya mezani. Tumegawanyika kuhusu upatanisho: wengine wanaandika "Faili limefutwa" na wengine "Faili imefutwa". Zaidi ya hayo, watu waliojaribu programu wanalalamika kwamba baadhi ya maandishi yake yanawachanganya, hasa "Hamisha faili kwenye diski" na "Badilisha faili iliyopo? Ndiyo / Hapana". Je, upi ni upatanisho sahihi, na kasoro ya maandishi hayo ni nini?

Jibu: Ndugu mwulizaji, wote wawili mnasema Kiswahili. Wapo wazungumzaji wanaosema "faili hili, mafaili haya" na wapo wanaosema "faili hii, faili hizi", na kila upande una waandishi wazuri wanaouunga mkono. Kwa hiyo swali lenu si la usahihi peke yake, bali ni la kuchagua umbo litakalofanya kazi vizuri katika mazingira ambayo sentensi hazitungwi na mtu papo hapo, bali zinaunganishwa na kompyuta kutoka katika vipande vilivyoandaliwa kabla. Kwa mazingira hayo ninawashauri bila kusita mchague ngeli ya I-ZI, yaani "faili hii, faili hizi", tena mchague "folda" badala ya "kabrasha".

Sababu yake mtaiona mkiandika ujumbe unaohesabu vitu. Mtumiaji akichagua faili 5 na folda 3, mtasema "Faili 5 na folda 3 zimechaguliwa", na kiambishi kimoja kinatosha kwa nomino zote mbili. Mkitumia "kabrasha", nomino moja inadai "zi-" na nyingine inadai "ya-", nanyi mtalazimika kukimbilia "vimechaguliwa" au kutafuta neno la jumla kama "vipengee", ambalo halimwambii mtumiaji ameshika nini. Diski, picha, programu na hati nazo zimo katika I-ZI, kwa hiyo karibu kila kitu kinachoonekana ndani ya dirisha la programu yenu kinapatana kwa namna moja. Vivumishi navyo hutulia: "mpya kwanza" na "kubwa kwanza" katika menyu ya kupanga faili hufaa kwa zote, bila haja ya kuwa na "mapya" hapa na "mpya" pale. Nomino za I-ZI pia hazibadiliki katika wingi, na hilo linarahisisha sana kazi ya mtayarishaji wa programu, ambaye kwa Kiswahili huhitaji maumbo mawili tu, la moja na la idadi nyingine zote, kama yalivyowekwa katika CLDR, hifadhidata ya Unicode yenye kanuni za lugha mbalimbali kwa ajili ya programu za kompyuta: "Faili 1 imetupwa", "Faili 6 zimetupwa". Sifuri pekee ndiyo iandikiwe sentensi yake, kwa sababu "Faili 0 zimepatikana" si maneno ya mtu. Semeni "Hakuna faili iliyopatikana".

Hata hivyo, I-ZI haitawaokoa ikiwa mtaliacha jina la faili lisimame peke yake kama kiima. Mtumiaji anaweza kuipa faili jina lolote, na kompyuta ikiandika "Matokeo imetupwa" au "Mtoto imehamishwa", sikio la Mswahili linakataa mara moja, kwa kuwa "matokeo" hudai "ya-" na "mtoto" hudai "a-". Dawa ni kutanguliza nomino ya jumla kila wakati: "Faili ‘Matokeo’ imetupwa". Neno moja lililoongezwa mbele linaondoa makosa yote ya upatanisho ambayo msingeweza kuyatabiri.

Nije sasa kwenye "Hamisha faili kwenye diski", ambalo kwangu ndilo swali zito zaidi katika barua yenu. Neno "kwenye", sawa na kiambishi tamati "-ni", halielezi mwelekeo. Tunasema "iweke kwenye sanduku", "iondoe kwenye sanduku" na "imo kwenye sanduku", na mwelekeo unatokana na kitenzi peke yake. Vitenzi "weka" na "ondoa" vinatosha kwa sababu kila kimoja kina mwelekeo wake ndani yake. "Hamisha" hakina, kinataka mahali pa kutoka na mahali pa kwenda, wala chenyewe hakisemi ni kipi kati ya hivyo kilichotajwa. Ndiyo maana mtumiaji mmoja anaisoma sentensi yenu kuwa faili zitapelekwa kwenye diski, mwingine anaelewa kwamba zitatolewa kwenye diski, na wa tatu anadhani zinazungumzwa faili ambazo tayari zimo humo. Wote watatu wamesoma sawasawa.

Kiswahili kina chombo cha kuondoa utata huu, nacho ni kauli ya kutendea. "Hamishia faili kwenye diski" haina usomaji mwingine: diski ndiyo mwisho wa safari. Mkitaka kutaja chanzo, tumieni "kutoka": "Hamisha faili kutoka kwenye diski". Katika menyu, kipengele kiwe "Hamishia", na dirisha linalofunguka liulize swali ambalo mtu yeyote angeuliza kwa mdomo: "Hamishia wapi?" Kwa "nakili" msifuate kanuni hiyohiyo kwa nguvu. Umbo "nakilia" linaweza kuundwa, lakini msomaji atalielewa kwanza kuwa ni kumnakilia mtu fulani, kama tunavyosema "mwandikie" au "mpikie". Afadhali "Weka nakala kwenye diski", na dirisha lake liulize "Weka nakala wapi?"

Tofauti hii inahitajika zaidi mahali ambapo watafsiri wengi hawapaangalii, yaani katika maandishi madogo yanayotokea kando ya kishale mtu anapoburuta faili kwa kipanya. Katika Windows, kwa mfano, kuburuta faili kutoka folda moja hadi nyingine ndani ya diski ileile huihamisha, lakini kuiburuta hadi diski nyingine huinakili na kuiacha ya kwanza palepale. Mkono wa mtumiaji umefanya kitendo kilekile, na matokeo ni mawili tofauti. Hapo maneno ndiyo msaada pekee alionao kabla ya kuachia kitufe cha kipanya, na yakiandikwa "Kwenye Picha" tu, hayajamsaidia. Andikeni "Itahamishiwa Picha" katika hali ya kwanza na "Nakala itawekwa Picha" katika hali ya pili.

Kuhusu "futa", hamkuniuliza, lakini mfano wenu wa kwanza unanilazimu nilitaje. Kufuta kwa Kiswahili ni kuondoa alama yote, kama maandishi ubaoni, kilichofutwa hakiokotwi. Katika kompyuta nyingi, hata hivyo, kitendo cha kwanza cha kuondoa faili hakifuti chochote. Kompyuta ya Lisa ya kampuni ya Apple ilikuwa na pipa la taka mwaka 1983, na Windows 95 ilikuja na la kwake mwaka 1995. Tangu hapo watu wamezoea kwamba kilichoondolewa kinaweza kurudishwa. Mkikiita kitendo hicho "futa", mnafanya kosa lenye madhara mara mbili. Mtumiaji mgeni ataogopa kusafisha folda zake, na mtumiaji mzoefu atakayegundua kwamba "futa" hurudishika ataliamini neno hilo hata siku litakapomaanisha kufuta kweli. Itumieni "Tupa" kwa hatua ya kwanza, maana kilichotupwa kinaweza kuokotwa, na "Futa kabisa" kwa hatua ya pili. Mahali penyewe paiteni "tupio", neno ambalo watu wamekwisha kulizoea katika simu zao, nalo ni la ngeli ya LI-YA: "Tupio limesafishwa". Katika baadhi ya mifumo, faili iliyo kwenye diski ya kuchomeka haipitii kwenye tupio bali huondolewa moja kwa moja. Hapo kitufe chenyewe kibadilike na kusomeka "Futa kabisa" kabla mtu hajakibofya.

Sasa "Badilisha faili iliyopo? Ndiyo / Hapana". "Badilisha" ni kukipa kitu hali nyingine, na pia ni kutoa hiki na kuweka kile. Anayesoma haraka anaweza kuamini kwamba programu inamwuliza kama anataka kuihariri faili, akabofya "Ndiyo", na kazi yake ya juma zima ikafunikwa na faili nyingine yenye jina lilelile. Msitumie kabisa neno "badilisha" mahali hapa. Elezeni kwanza hali ilivyo, kisha mtaje kila faili kwa sifa isiyoweza kuchanganywa:

"Folda ya Barua tayari ina faili iitwayo Ombi. Iliyopo ilihaririwa tarehe 19 Machi 2024. Inayoletwa ilihaririwa tarehe 3 Machi 2024."

Vitufe viwe "Futa iliyopo, weka inayoletwa", "Baki na iliyopo" na "Bakiza zote mbili". Angalieni kwamba nimekwepa "mpya" na "ya zamani" kwa makusudi, kwa sababu faili inayoletwa inaweza kuwa ndiyo yenye tarehe ya nyuma, kama ilivyo katika mfano huu, na mtu akiambiwa "weka mpya" hatajua kama upya ni wa kufika au wa kuandikwa. Vitenzi vya urejeshi, "iliyopo" na "inayoletwa", havina shaka hiyo, na hapa tena I-ZI inawafaa, maana "lililopo" na "linaloletwa" vingevirefusha vitufe ambavyo tayari ni virefu.

Mnaona pia kwamba nimeziondoa "Ndiyo" na "Hapana". Si kwamba maneno hayo yana kasoro, ila "ndiyo" ya Kiswahili huthibitisha kauli iliyotangulia. Programu ikiuliza "Hutaki kuhifadhi mabadiliko?", anayejibu "Ndiyo" amekubali kwamba hataki, ingawa yupo atakayelibofya neno hilo akidhani anakubali kuhifadhi. Kitufe kikibeba kitenzi chake, mtu hana haja ya kurudi kulisoma swali. Kitenzi hicho kiwe cha amri ya umoja: "Tupa", "Fungua", "Hifadhi". Kitufe ni sauti ya mtumiaji anayeiamuru kompyuta, si sauti ya kompyuta inayomwamuru mtumiaji, na kwa hiyo "Tafadhali" haina kazi hapo. Iwekeni katika maelekezo, kama "Tafadhali chagua folda kwanza". Umbo la "ku-" libaki kwenye vichwa vya madirisha na orodha za vitendo vilivyopita. "Ghairi" ni neno zuri la kuachia jambo njiani, isipokuwa mahali ambapo swali lenyewe ni la kughairi. "Unataka kughairi kunakili?" yenye kitufe cha "Ghairi" haieleweki, hapo wekeni "Endelea kunakili" na "Acha kunakili".

Njeo za ujumbe wa hitilafu nazo zinataka uangalifu. "Faili haijapatikana" humwambia mtu kwamba bado inatafutwa, naye atangoja. Utafutaji ukiwa umekwisha, semeni "haikupatikana". "Faili imefutika" huonyesha kwamba ilipotea bila mtendaji, jambo linalotisha bila sababu ikiwa ni mtumiaji mwenyewe aliyeifuta. "Faili inanakili" ni kosa la wazi, kwa maana faili hainakili kitu. "Faili 12 zinanakiliwa" ndivyo isemwavyo.

Mwisho, katika safu inayoonyesha lini faili ilihaririwa, msiandike "saa" mbele ya tarakimu za saa za kompyuta. Msomaji akikuta "jana saa 3:40", ataielewa kwa hesabu ya Kiswahili, saa tatu na dakika arobaini, ambayo ni 9:40 au 21:40 kwa kompyuta, na atakosea kwa saa 6 anapotafuta kipi alikihariri mwisho. "Jana, 15:40" inasomeka vizuri, na atakayetaka kuitamka "saa tisa na dakika arobaini alasiri" ataitamka mwenyewe.