Daftari la shukrani limekuchosha? Punguza siku

Wakili msomi, umesema kesi unashinda na kipato si kibaya, ila furaha huna, na daftari la shukrani ulilojaza kila usiku limekuchosha. Kosa ni hiyo kila usiku: sentensi hujirudia, moyo ukaacha kuzihisi. Andika mara 1 kwa wiki, Ijumaa kabla ya kufunga ofisi, mambo 3 hadi 5. Yawe mahususi. "Nashukuru kwa kazi" haisaidii. Andika "karani aliona hati ya kiapo haina tarehe kabla hatujaisajili", kisha mwambie mwenyewe kwa maneno hayohayo. Kazi yetu hutuzoesha kusaka kasoro, na lililo sawa hupita bila kutajwa. Majina ya wateja usiandike. Siri yao ni siri hata humo.

Lakini shukrani haipunguzi majalada mezani. Utafiti wa Krieger na Sheldon wa 2015, kwa mawakili zaidi ya 6,000 wa Marekani, ulionyesha furaha huambatana zaidi na uhuru kazini, umahiri na uhusiano mwema kuliko kipato. Kwa hiyo angalia pia kesi unazopokea, na nani anakupangia. Usingizi ukikukimbia wiki kadhaa, muone daktari.