Barua kwa mwanangu: mji wenye harufu ya uji

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi huku Tanga hatujambo, na barua yako nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Unauliza kama mtu aliyekulia Dar es Salaam hatadumaa akikaa miaka minne katika chuo cha Carleton kule Northfield, jimbo la Minnesota, Marekani, mji wa watu wapatao 20,000 uliozungukwa na mashamba ya mahindi na soya, na kama si afadhali uichukue ile nafasi ya Chicago. Mimi nilisoma huko, kwa hiyo unajua tangu mwanzo kwamba mizani yangu imeelemea upande mmoja.

Mji wenyewe hujitambulisha kwa maneno matatu: ng'ombe, vyuo na kuridhika. Vyuo ni viwili, Carleton kilichoanzishwa mwaka 1866 na St. Olaf kilichoanzishwa na wahamiaji wa Kinorwe mwaka 1874, na kila kimoja kimekaa juu ya kilima chake, mto Cannon ukipita kati yao. Ukiamka asubuhi upepo ukiwa unavuma kutoka kiwanda cha nafaka cha mji huo, utasikia harufu ya uji wa ngano mji mzima, na siku ya kwanza nilidhani kuna msiba mahali ambako watu wengi wanapikiwa. Usidhani kwamba chuo kimejitenga na wenyeji. Tarehe 7 Septemba 1876 genge la majambazi wa akina James na Younger lilivamia benki ya mji ule, na mfanyakazi wa benki aliyekataa kuwafungulia sefu hadi wakamuua, Joseph Lee Heywood, ndiye pia aliyekuwa mtunza hazina wa Carleton. Kila Septemba wenyeji huliigiza tukio hilo barabarani, farasi na bunduki, na wewe utafika karibu na siku hizo ukiwa bado hujajua bweni lako liko wapi.

Sasa nije kwenye upweke, maana naona ndio unaokusumbua hata kama hukuutaja kwa jina. Niliupata, na ulitokana na kalenda ambayo sikuisoma vizuri. Mwaka wa Carleton umegawanywa katika mihula mitatu ya wiki kumi kumi, na kwa kawaida mwanafunzi huchukua masomo matatu kila muhula, kwa hiyo wiki ya tano hujatulia na tayari ni mitihani ya katikati. Muhula wa kwanza hufungwa mwezi Novemba, karibu na sikukuu yao ya kutoa shukrani, na wa pili huanza Januari. Hapo katikati kuna takriban wiki sita ambazo wenzako wote huenda kwao. Mimi nilikuwa na nauli ya kwenda tu, nikakodi chumba kwa bibi mmoja mjane, na kosa lilikuwa langu kwa kutopanga mapema. Jua lilizama kabla ya saa kumi na moja jioni, na kwa siku tatu za mwanzo sikuzungumza na mtu isipokuwa yeye.

Kilichoniokoa ni kilima cha pili. St. Olaf hufuata mihula miwili mirefu na mwezi mmoja wa somo moja katikati, kwa hiyo mwanzoni mwa Desemba wao walikuwa bado wako darasani, na tamasha lao la kwaya za Krismasi, linaloendelea tangu 1912, lilikuwa linakaribia. Mpishi wa bwalo letu, ambaye nilikuwa nikimsaidia kuosha vyombo, alinipa tiketi. Nyimbo zile hazikuwa za dini yangu, lakini nilikaa kati ya familia yake, na kuanzia siku hiyo nikawa na nyumba ya kwenda Jumapili. Chicago ningeosha vyombo vilevile, ila sina hakika kama mpishi angejua jina langu.

Kazi hiyo unaruhusiwa kuifanya ndani ya chuo, isizidi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Ya nje usiiguse bila kibali, hata ukibembelezwa. Koti nunua ukishafika, kwa kuwa la Kariakoo halitaivumilia Januari ya huko. Ukitamani kusikia Kiswahili, siku hizi mji jirani wa Faribault una Wasomali wengi, na baadhi yao waliishi Kenya kabla ya kufika huko. Minneapolis nayo iko kilomita 65 hivi kaskazini, kwa hiyo jiji hutalikosa kabisa.

Kabla hujajibu chuo chochote, niandikie tarehe hasa ambayo muhula wa kwanza utafungwa. Yule bibi alishafariki, na chumba cha wiki sita itabidi tukitafute kuanzia sasa.

Mama yako